"This", "that", "my", "its": mbele ya nomino nafasi ni moja

Kosa la kwanza ninalolitafuta katika Kiingereza cha mtu anayefikiri kwa Kiswahili ni "this my book". Sisi tunasema kitabu changu hiki bila tatizo. Kiingereza sanifu kina nafasi moja tu mbele ya nomino, na anayeikalia ni mmoja: "a", "the", "this" au "my". Ukivitaka vyote viwili, kimilikishi ("my", "their") kinahamia nyuma na kubadilika umbo: "this book of mine", "that decision of theirs". "A friend of me" si sahihi. Andika "a friend of mine".

Upatanisho wake ni mwepesi kuliko wetu, ila unatega. Vionyeshi ("this", "that", "these", "those") hutazama idadi tu. Vimilikishi humtazama mwenye kitu, wala si kitu chenyewe, hivyo "-ake" yetu hugawanyika kuwa "his", "her" na "its". Anayeandika "Asha and his husband" amemtazama mume. Ni "her husband", kwa sababu mwenye mume ni Asha.

Kazi kubwa iko kwenye "this" inayosimama peke yake. Chukua: "The letter contradicts the plan. This must be corrected." Kirekebishwe nini? Kwa Kiswahili ngeli ingekusaidia: "hiyo irekebishwe" ni barua, "huo urekebishwe" ni mpango, "hilo lirekebishwe" ni jambo zima. Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo msomaji anabaki kubahatisha. Dawa ni kuongeza nomino: "this letter", "this plan", "this contradiction". Ninapohariri, kila "This" inayoanza sentensi naiwekea nomino. Isipopatikana nomino inayofaa, kwa kawaida mwandishi mwenyewe hajaamua anasema nini.

Kisha kuna "hiyo" ya kurejelea kilichotajwa, ambayo wengi huigeuza "that" kila mara. Kwa hoja uliyoitaja sasa hivi na unaendelea kuijadili, "this" ndiyo inayokaa vizuri. "That" huisogeza hoja mbali, kana kwamba umemalizana nayo au ni ya mtu mwingine.

Viungo vya mwili navyo hudai kimilikishi. "Alivunjika mguu" ni "she broke her leg", na "nawa mikono" ni "wash your hands", hata kama mwenye mguu au mikono anajulikana.

Ritifaa, yaani alama ya ('): "its", "hers", "yours" na "theirs" hazina. "It's" ni "it is" au "it has", basi. Jaribu kusoma hivyo, na sentensi ikivunjika, ondoa ritifaa.

Angalia pia milinganisho. "The price of copper is higher than zinc" inalinganisha bei na madini. Sema "than that of zinc", na kwa wingi "those of": "The leaves of this tree are wider than those of the other."