Kitalu Nyumba Hakifuti Majira: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anayejenga kitalu nyumba kwake kwa mara ya kwanza mara nyingi huwa ameshajiaminisha kwamba, kuta za kioo au nailoni zikishasimama, majira ya mwaka hayamhusu tena. Imani hiyo ndiyo mzazi wa makosa mengine mengi, na chanzo chake ni kutoelewa joto la humo ndani linatokana na nini.

Wengi tumefundishwa kwamba kioo hupitisha mwanga wa jua kisha huzuia mionzi ya joto isitoke, na kwamba siri yote ni hiyo. Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, R. W. Wood, alianika juani visanduku viwili, kimoja kikiwa na kifuniko cha kioo na kingine cha bamba la chumvi ya mawe, ambayo huiachia mionzi hiyo ipite. Joto la ndani yake likawa karibu sawa. Kinachofanya kazi kubwa zaidi ni kwamba hewa iliyopashwa joto na udongo na majani imefungiwa, haiwezi kupaa na kuipisha hewa baridi. Jambo hili lina maana kwa mkulima pia: mlango usiofunga vizuri unaweza kumpotezea joto jingi kuliko tofauti kati ya aina moja ya kifuniko na nyingine.

Kutokana na hapo huporomoka dhana ya pili, kwamba joto lililokusanywa mchana hudumu hadi asubuhi. Kitalu kisicho na hita hupoa haraka baada ya jua kuzama, na kuelekea alfajiri hutofautiana na nje kwa nyuzi chache tu. Kilichofunikwa kwa nailoni ya kawaida kinaweza hata kuwa baridi kuliko nje katika usiku mtulivu usio na mawingu, kwa sababu nailoni hiyo hupitisha mionzi ya joto. Wengine huweka mapipa ya maji ili yatunze joto, na wazo hilo ni sahihi, lakini lipimwe kwa hesabu: pipa la lita 200 likipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi hutoa takriban kilowati-saa 2.3, yaani kazi ya hita ya kilowati moja kwa saa mbili na kidogo. Pipa moja litapunguza ukali wa usiku, lakini halitaugeuza kuwa mchana.

Hata anayemudu kupasha joto usiku kucha hugundua kwamba joto si mwanga. Mbali na ikweta, mchana wa majira ya baridi ukipungua chini ya saa 10, mimea mingi hukaribia kusimama kukua, na miche iliyopewa joto bila mwanga wa kutosha hurefuka ikawa na shina jembamba lisilojiweza. Wenye uzoefu hupanda mboga za majani mapema, zikaribie ukubwa wake kamili kabla ya siku fupi kufika, kisha huzichuma kidogo kidogo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi bora ya kitalu kidogo wakati wa baridi: kuwa ghala la mboga zilizo hai, na kioo chake kioshwe, kwa kuwa vumbi na utando wa kijani hupunguza mwanga ambao tayari ni haba.

Dhana inayoua mimea mingi kimyakimya ni ile ya kuziba kila tundu wakati wa baridi. Mvuke unaotoka kwenye majani na udongo huganda kuwa matone, na kuvu ya kijivu, Botrytis, hustawi katika ubaridi wenye unyevu. Hita ya mafuta ya taa isiyo na bomba la kutolea moshi huzidisha tatizo, maana kila lita ya mafuta inayoungua hutoa zaidi kidogo ya lita moja ya maji kwa hali ya mvuke. Aidha, mimea iliyofungiwa kabisa mchana hupunguza hewa ya ukaa inayoihitaji kwa usanisinuru. Kwa hiyo madirisha yafunguliwe kwa muda mfupi karibu na adhuhuri, hata kukiwa na baridi.

Kinyume chake, wakati wa joto husemwa kwamba mimea ya maeneo yenye joto haiwezi kuzidiwa. Nyanya hukanusha dai hilo: joto la mchana likipita nyuzi 32 hivi kwa siku kadhaa, chavua hudhoofika na maua hupukutika bila kuzaa. Matundu ya paa yenye eneo linalokaribia sehemu moja ya tano ya sakafu husaidia sana, na kivuli huwekwa nje ya kioo, kwa kuwa jua lililokwisha kuingia limeshaleta joto lake.

Wapo pia wanaodhani kuta huzuia wadudu. Kwa kweli huwazuia zaidi maadui wa wadudu hao. Utitiri na nzi weupe wakishapenya, huzaana bila bughudha. Tangu miaka ya 1920 wakulima wa Uingereza wametumia nyigu mdogo sana, Encarsia formosa, anayetaga mayai ndani ya watoto wa nzi weupe. Naye anafuata majira, maana chini ya nyuzi 18 huzubaa, hivyo kumwachilia kitaluni kipindi cha baridi ni hasara tupu.

Mwisho ni udongo. Kwa kuwa mvua haiufikii, chumvi za mbolea hazisukumwi chini bali hujilimbikiza juu, nyakati nyingine kama ukoko mweupe, na mkulima huongeza mbolea akidhani mimea ina njaa. Mazao yakishaondolewa, udongo unaopitisha maji vizuri umwagiliwe kwa wingi mpaka chumvi hizo zishuke chini ya mizizi.