Kwa Nini Nyama ya Mgongoni Hutumika Kuokoa Mguu?

Pitisha kidole kwenye ugoko wako, kutoka gotini hadi kifundoni. Upande wa ndani hakuna nyama: ni ngozi, kisha mfupa. Ndiyo maana dereva wa bodaboda akigongwa ubavuni, mara nyingi mguu hauvunjiki tu. Ngozi hupasuka na mfupa ukatokeza. Mfupa uliobaki wazi hukauka na kufa, na bakteria wakishajichimbia humo, kuwatoa ni kazi ya miezi, pengine miaka.

Kuweka chuma peke yake hakutoshi. Mfupa huunga kwa damu, na nyama iliyouzunguka ikishasagika, sehemu kubwa ya damu hiyo hukatika. Kwa hiyo daktari huondoa kwanza nyama yote iliyokufa, hata kama tundu litatisha, kisha hutafuta nyingine. Msuli mpana wa mgongoni, au kipande cha paja, hutolewa pamoja na mishipa yake na kuhamishiwa mguuni. Mishipa hiyo, yenye upana wa milimita 2 au 3 hivi, huunganishwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mgongo nao hauathiriki sana. Misuli mingine ya bega hubeba kazi.

Zamani wengi walisubiri kidonda "kitulie". Aliyewageuza mawazo ni Marko Godina, daktari wa Ljubljana, Slovenia. Takwimu zake za wagonjwa 532 zilichapishwa mwaka 1986: kwa waliofunikwa kidonda ndani ya saa 72, nyama iliyopandikizwa ilikufa kwa asilimia 0.75 tu, kwa waliocheleweshwa hadi miezi 3, asilimia 12. Maambukizi yalikuwa asilimia 1.5 dhidi ya 17.5. Godina mwenyewe hakuiona makala hiyo, kwani alifariki katika ajali ya gari mapema mwaka huohuo. Mwongozo wa Uingereza bado unashikilia saa hizo 72, na antibayotiki ndani ya saa ya kwanza.

Hata hivyo, si kila mguu unahitaji hadubini. Jeraha likiwa karibu na goti, msuli wa shavu la mguu hugeuzwa ukafunika. Likiwa katikati ya ugoko, hutumika msuli uliolala chini ya huo. Taabu iko juu kidogo ya kifundo, kwenye kano tupu zisizo na nyama ya kuazima. Huyo ndiye mgonjwa wa kuwahishiwa rufaa siku hiyohiyo.