Jamatini, Mazengo, Mtunya: tunakumbuka nini tunaposema "sisi wa Dodoma"?

Kwa miaka mingi makonda wa daladala hapa Dodoma mjini walikuwa wakiita "Jamatini! Jamatini!" na abiria wakipanda bila kuuliza neno hilo limetoka wapi. Limetokana na jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, dhehebu mojawapo la Kiislamu. Mama wa Kigogo aliyetoka Bahi na gunia la karanga, kijana wa Kipentekoste anayewahi mkesha, binti wa Kondoa mwenye juzuu mkononi, wote walishukia kwenye jina la nyumba ya ibada isiyo yao, wala hakuna aliyeona ajabu.

Ninafundisha historia hapa Dodoma, na katika mikutano ya wananchi tunayoalikwa kuzungumza, swali ninaloulizwa zaidi siku hizi ni hili: mwenyeji wa Dodoma ni nani? Halijatoka hewani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika mkoa huu. Ile ya 2022 ikahesabu 3,085,625. Ndani ya miaka kumi watu milioni moja wameongezeka, wengine wamezaliwa, wengine wamefuata ofisi za serikali, viwanja na biashara. Mgeni anauliza atakubalika lini. Mzee aliyezaliwa Ntyuka anauliza kama bado anahesabika. Na chini ya maswali hayo mawili lipo la tatu, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: je, mji huu ni wa dini gani?

Swali hilo la tatu haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu minara na misalaba. Lianze na kumbukumbu. Mwaka 1925 msomi Mfaransa, Maurice Halbwachs, aliandika kwamba mtu hakumbuki peke yake. Anakumbuka akiwa ndani ya ukoo, ndani ya kundi lake la ibada, ndani ya watu wa kazi yake, na hao ndio wanaomwonyesha kipi cha kushika na kipi cha kuachilia. Halbwachs mwenyewe alifia katika kambi ya Wanazi ya Buchenwald mwaka 1945, chini ya utawala uliokuwa umejipa mamlaka ya kuamua nani ni wa taifa na nani si wake. Kwa hiyo tunaposema kumbukumbu ya pamoja hatusemi vitabu vya historia. Tunasema yale ambayo kundi la watu limekubali kuyasimulia, pamoja na yale ambayo limekubali kuyanyamazia.

Tazama eneo moja tu la mji wetu. Palikuwa na shule ya misheni iliyoitwa Alliance. Baada ya shule binafsi kutaifishwa, shule ile ikaja kuitwa Mazengo, jina la mtemi wa Mvumi aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote Ugogo wakati wa Mwingereza. Leo, tangu 2007, pale ni Chuo Kikuu cha St. John's cha Kanisa Anglikana. Viwanja ni vilevile, majina matatu. Mkristo mzee akipita pale anaona kazi ya mikono ya kanisa lake iliyochukuliwa na baadaye kurudi. Mwislamu aliyesoma hapo enzi za Mazengo anaona shule ya serikali iliyompokea bila kumuuliza dini yake, na mpaka leo akikutana na mwenzake wanaitana "wa Mazengo". Mgogo wa Mvumi anaona jina la mtemi wake lililoondolewa langoni. Hakuna anayesema uongo kati ya hao watatu. Kosa huanza pale mmoja anapodai kwamba kumbukumbu yake ndiyo historia nzima, na za wenzake ni uchochezi.

Hapo ndipo siasa huingilia. Mwanasiasa anayetafuta kura hahitaji kutunga uongo. Inamtosha kuchukua kumbukumbu moja ya kweli, aikate na zile zilizo jirani yake, kisha airudishe kwa wenyewe ikiwa na makali.

Nchi yetu iliona hatari hiyo mapema na ikachagua njia yake. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza dini na kabila. Katiba ya 1977, ibara ya 3, inaitaja Jamhuri kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Chama kinachojengwa juu ya dini au kabila hakisajiliwi. Hatukuiga Ufaransa, ambayo kwa sheria ya 1905 ilitenga dini na dola na ambayo mwaka 2004 ilikataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi, hijabu ikiwemo. Kwetu serikali haina dini, lakini haimwambii mtu aiache dini yake mlangoni. Idd na Maulid ni sikukuu za kitaifa kama Krismasi na Pasaka. Bungeni hapa Dodoma kikao hufunguliwa kwa Dua, na ndivyo taarifa rasmi za Bunge zinavyoiandika, neno la Kiarabu ambalo Mkristo hulitamka kama lake. Dua hiyo inamwita Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na dunia. Nadhani wengi hatujapima ni busara kiasi gani iliyomo katika kuchagua maneno yale.

Ninaitetea njia hiyo. Hata hivyo imekuja na gharama, na gharama isiyotajwa huzaa riba. Pasipo hesabu, kila upande hubeba hesabu yake: "sisi ndio wengi". Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walitaka kususia sensa kwa sababu haikuwa na swali la dini. Na jambo lisilozungumzwa sebuleni huzungumzwa jikoni. Malalamiko ya Waislamu kwamba elimu ya kikoloni ilipita mikononi mwa misheni na kuwaacha nyuma, na kwamba mchango wa wazee wao katika kuijenga TANU haukupewa nafasi stahiki katika masimulizi ya taifa, yamekaa jikoni muda mrefu. Hofu ya Wakristo kwamba dola inaweza siku moja kuvalishwa dini nayo imekaa huko huko.

Mwaka 2014 yote mawili yalitoka nje, na yalitokea hapa hapa Dodoma, katika Bunge Maalum la Katiba. Suala la Mahakama ya Kadhi, inayoamua mambo ya Waislamu kama ndoa na mirathi, liliwasha ukumbi. Aliyeitaka alikumbuka kwamba makadhi walikuwepo bara wakati wa mkoloni, kwamba waliondolewa baada ya uhuru, na kwamba Zanzibar bado wapo. Aliyeipinga alikumbuka ahadi ya nchi isiyokuwa na dini, akaona inamegwa. Katiba Inayopendekezwa ikapita tarehe 2 Oktoba 2014 bila mahakama hiyo ndani yake. Wakenya, ambao makanisa yao mengi yalipinga jambo hilo hilo kwa nguvu, waliiingiza katika ibara ya 170 ya katiba yao ya 2010. Hapa siamui nani alikuwa sahihi. Ninachoeleza kwa umma ni kwamba ugomvi ule haukuwa wa sheria peke yake. Kumbukumbu mbili zilikutana kwa mara ya kwanza mbele ya kamera, na kila moja ikaishangaa nyingine kwamba kumbe ipo.

Sasa nataka nitue kwenye kumbukumbu moja ambayo haikukatwa na dini. Wazee wa Ugogo wanaiita Mtunya. Ni njaa iliyoanza 1917 na kuendelea mpaka karibu 1920. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita Ugogo. Kondoa kulipiganwa Mei 1916, na Dodoma ikaangukia mikononi mwa Waingereza miezi michache baadaye. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, mtama na uwele, kisha yakachukua wanaume kubeba mizigo ya vita. (Neno Kariakoo la Dar es Salaam limetoka kwenye jeshi hilo la wapagazi.) Mvua ikakatika, na kabla watu hawajainuka ikaja homa kali ya mafua ya 1918. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya watu 150,000 wa Ugogo, kiasi cha 30,000 walikufa. Mtu mmoja katika kila watano! Jina lenyewe, Mtunya, lina maana ya kunyang'anyana, na jina hilo linabeba aibu ambayo takwimu haziwezi kuibeba: jirani na jirani wakigombea punje.

Waliokufa wakati ule wengi wao hawakuwa wamebatizwa wala kusilimu. Walimwomba Mungu wa babu zao kupitia mtemi, ambaye kwa Wagogo alikuwa kwanza mtu wa mvua. Kwa hiyo mchungaji wa leo wa Mvumi na shehe wa leo wa Majengo wana mabibi waliolala makaburi yale yale yasiyo na alama. Sijawahi kukuta mnara wa Mtunya katika matembezi yangu. Wanafunzi wangu wengi, hata waliozaliwa hapa, hulisikia neno hilo kwa mara ya kwanza darasani, na hilo linaniuma.

Kule Kolo, Kondoa, jambo ni gumu kidogo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Warangi wa eneo lile wengi wao ni Waislamu, lakini Mungumi wa Kolo, jabali mojawapo lenye michoro hiyo, bado ni mahali pa matambiko ya mvua na tiba. Mhifadhi anataka mwamba usiguswe. Mzee anataka mwamba uombewe, maana kwake usipoombewa umekufa. Wapo pia wanaoona tambiko ni ushirikina usiofaa kwa muumini. Pande zote zinalipenda lile jabali, na ukimfukuza mmoja wao umepunguza sababu za kulilinda.

Mwaka 2022, wakati wa operesheni ya anwani za makazi, barabara nyingi za mitaa mipya zilipewa majina na vibao. Kazi hiyo haijaisha, kwa kuwa mji unazidi kupanuka. Ndugu mwenyekiti wa mtaa, mkikaa kuchagua majina, mwite mzee aliyekuwa akilima pale kabla ya kupimwa viwanja. Muulize kijito kiliitwaje, nani alizikwa wapi. Mwalimu, watume wanafunzi na simu zao wakamrekodi bibi akisimulia, kwa Kigogo au Kirangi, na wasimkatize anapotaja dini ya baba yake ikiwa si ile anayoifuata yeye. Hilo la mwisho ndilo gumu. Askofu wa kwanza Mwafrika wa Anglikana Tanganyika, aliyewekwa wakfu 1955 kuwa askofu msaidizi wa Dayosisi hii ya Central Tanganyika, aliitwa Yohana Omari, na hakulazimika kukata nusu ya jina lake.

Nilikuwa kwenye msiba mmoja Chang'ombe ya hapa Dodoma, wa mzee Mkristo mwenye dada Mwislamu. Mbuzi alichinjwa na kijana wa msikitini ili sufuria iwe moja. Ukafika muda wa kusoma wasifu wa marehemu, kijana akasoma kuanzia ubatizo. Dada akanyanyuka kwenye mkeka, ushungi umemteleza. "Mmeliruka jina alilopewa na baba," akasema. "Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na nimemwita kwa jina hilo mpaka juzi." Watu wakanyamaza. Mchungaji akachomoa kalamu mfukoni, akampa yule kijana. Kijana akaiweka karatasi juu ya paja, akaandika jina lile juu ya mstari wa kwanza, kisha akaanza kusoma upya.