W ya kwenye oili siyo uzito jamani

Jana tena pale Ngamiani, fundi anamwambia kijana mwenye Toyota IST, "Tanga joto kaka, hiyo 5W-30 ni maji tupu, tia 20W-50, W ni weiti, uzito, kati ya 20 na 5 ipi nzito?" Kijana kachomoa hela. Mimi nikanyamaza, mtu hasahihishwi mbele ya mteja wake, ila hii nimeshaisikia mpaka basi.

Namba zile ni za mnato, yaani oili inavyojivuta ikitiririka, basi. Hilo neno uzito hata simlaumu mtu, sisi wenyewe tunasema uji mzito na hatujaupima kwa kilo. Lakini mwaga oili kwenye ndoo ya maji, si inaelea? Ni nyepesi kuliko maji, halafu inamiminika kwa uvivu kuliko maji. Uzito na mnato mbalimbali.

Sasa hiyo W. Ni winta, kipupwe, tena siyo hiki chetu cha Julai cha kuvaa sweta ukienda Raskazone jioni, ni kile cha Marekani cha barafu, maana waliopanga hizi namba ni SAE, chama cha mainjinia wa magari wa huko. Namba ya kabla ya W inakwambia baridi ikizidi injini bado itazungushika asubuhi au itagoma, 5W inajaribiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Tanga hiyo sifuri yenyewe umeiona lini? Lushoto wanakolalia mablanketi mawili haifiki huko. Kwa hiyo 5W haimaanishi oili ya nchi za baridi tu, inamaanisha asubuhi injini ikiwa imepoa oili inawahi kupanda juu kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, na huo mwendo wa kwanza ndio unaokula vyuma.

Namba ya nyuma ndiyo ya injini ikishachemka, inapimwa kwenye nyuzi 100. Na wala oili haizidi kuwa nzito ikipata moto eti kutoka 5 iende 30, oili zote zinalegea, hii inalegea mpaka inalingana na ya namba 30 basi. Thamostati nayo, kile kidude kinachodhibiti joto la maji ya injini, inaishikilia injini kwenye nyuzi tisini hivi, uwe Chumbageni au Lushoto.

Kama injini imechoka inakula oili, kupandisha namba ya nyuma ni habari nyingine, sibishi. Na kuna magari kitabu chake kinaruhusu 15W-40 sehemu za joto, hapo tia.

Ila fundi wangu, kile kifuniko cha oili ulichokuwa umekishika mkononi ukiongea, juu yake pameandikwa 5W-30.