Taarifa ya NSSF peke yake haitoshi: dhana potofu kuhusu kufuatilia kazi za mzazi aliyefariki kwa ugonjwa wa kazini

Hapa Tabora familia nyingi zinazodai fidia ya ugonjwa wa kazini hufika na bahasha ya kaki yenye karatasi moja tu: taarifa ya michango ya marehemu kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wanaiweka mezani na kusema, "Ushahidi huu hapa, mzee alifanya kazi." Ni kweli, na hakuna anayebisha. Kinachobishaniwa ni kilichoingia kwenye mapafu yake, na karatasi hiyo haikitaji popote.

Dhana: Taarifa ya michango inamaliza kazi

Taarifa inaonyesha mwajiri, miezi na kiasi kilichochangwa. Haisemi kama mzee alikuwa karani wa stoo au fundi wa boila. Daktari anayepima madai ya asbestosisi (makovu ya mapafu yanayoletwa na asbesto, madini ya nyuzi yaliyotumika kuzuia joto), silikosisi (makovu yanayoletwa na vumbi la mwamba) au mesothelioma (saratani ya utando wa mapafu) anataka kujua mambo manne: kazi aliyofanya kwa mikono yake, sehemu aliyofanyia, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, na vumbi lenyewe lilikuwa la nini. Magonjwa haya hujificha muda mrefu. Mesothelioma inaweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuanza kuvuta asbesto. Ndiyo maana ajira ya mwisho, ile ambayo watoto wanaikumbuka vizuri, mara nyingi siyo yenye kosa. Mzee aliyestaafu akiwa mlinzi huenda aliupata ugonjwa ujanani, karakanani.

Tena taarifa yenyewe ina mapengo. NPF, mfuko uliokuja kuwa NSSF, uliundwa 1964, hivyo miaka ya nyuma ya hapo haimo. Vibarua wengi hawakuandikishwa. Migodini, aliyeajiriwa na mkandarasi husomeka chini ya jina la mkandarasi. Mtu anaweza kuwa alitoboa miamba Golden Pride kule Nzega, mgodi uliofungwa 2014, na jina la mgodi lisionekane kwenye taarifa yake hata mara moja.

Kwa hiyo nasema kila siku, na nitaendelea kusema: anzeni na watu, ofisi zifuate. Fundi mwenye miaka 80 hawezi kuwasubiri mpaka mmalize kuzunguka na barua. Tafuteni wenzake wawili waliokuwa sehemu ile ile, miaka ile ile. Kwa watu wa reli, msiishie Tabora mjini: walihamishwa Kigoma, Morogoro na kwingineko, na barua ya uhamisho iliyokunjwa ndani ya Biblia au msahafu inaweza kuwaelekeza kwa shahidi.

Mkimpata, msimlishe maneno. Mkiuliza, "Mzee, mlifanya kazi na asbesto?" atajibu ndiyo kwa huruma tu. Ulizeni: boila ilifungiwa nini kuzuia joto? Ilikuwa ya rangi gani? Mliibandua kwa kutumia nini? Aliyeifanya kazi hiyo atawaeleza ule unga mweupe au wa kijivu uliokandwa na maji kama udongo wa kusiriba, na jinsi ulivyopukutika ukikauka. Kwa aliyekuwa mgodini, ulizeni kama walitoboa mwamba kwa maji au pakavu, na kama walifagia vumbi au walilipuliza kwa upepo wa kompresa. Andikeni kwa maneno yake mwenyewe, kisha aape mbele ya wakili au hakimu. Kiapo kinachosema "namfahamu marehemu, alikuwa mchapakazi" hakisaidii kitu.

Muulizeni na mama: nani alifua ovaroli, na zilirudi nyumbani zikiwa na hali gani? Kama alikung'uta asbesto kwa miaka, naye apelekwe kupimwa kifua. Hilo msiliache mpaka madai yaishe.

Dhana: Kampuni ilishakufa, basi rekodi zimekufa nayo

Hapana. Ulizeni nani aliirithi. Reli ilikuwa East African Railways and Harbours tangu 1948, ikawa shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki 1969, ikawa TRC (Shirika la Reli Tanzania) 1977, TRL (kampuni ya reli) 2007, kisha TRC tena 2017. Mtu aliyeanza 1965 na kustaafu 1990 alibadilishiwa mwajiri mara mbili bila kutoka kwenye karakana yake. Kwa mabaharia na mafundi wa meli wa Kigoma, huduma za meli zilitengwa na reli mwaka 1997 na makao yakawa Mwanza, hivyo kuulizia stesheni ya Kigoma peke yake ni kupoteza nauli. Kwa mashirika ya umma yaliyobinafsishwa au kufilisiwa, andikeni kwa Msajili wa Hazina. Mifuko ya pensheni ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Kadi ya chama cha wafanyakazi cha zamani, iwe NUTA, JUWATA au OTTU, nayo ni ushahidi.

Mara nyingi faili lipo, jina ndilo linalopotea. Mzee aliandikwa kwa jina la ubatizo kazini, la ukoo kwenye kadi ya NPF, na yamegeuzwa kwenye cheti cha kifo. Tafuteni kwa namba kwanza, jina baadaye, na mwape kiapo kinachounganisha majina yote.

Dhana: Cheti cha kifo kimeandikwa TB, hakuna madai

Silikosisi humweka mtu kwenye hatari kubwa ya kupata TB, na yote mawili hukaa kwenye kifua kimoja. Ombeni muhtasari wa matibabu hospitali alikotibiwa, iwe Kitete, Maweni au kwingine, mkiwa na namba ya faili. Filamu za eksirei msizikunje wala kuzirundika darini chini ya bati.

Dhana: Mtoto mkubwa anaweza kuchukua faili

Hawezi. Anahitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Katika Mahakama ya Mwanzo uteuzi huo hutolewa kwa Fomu Namba 4.

Dhana: Mafao ya kustaafu ndiyo fidia

Ni vitu viwili tofauti. Hata malipo ya waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya zamani hayakuwa fidia ya ugonjwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015, kwa hiyo tarehe ugonjwa ulipotambuliwa na daktari, kabla au baada ya hapo, ina uzito mkubwa. Iandikeni kwa usahihi, na mwonane na Afisa Kazi wa mkoa mapema. Kishoka anayedai asilimia ili "afuatilie Dar" msimpe hata nakala.

Kila barua iwe na nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili mwondoke nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe na jina la aliyeipokea. Bila muhuri huo, mkirudi baada ya miezi mitatu mtaambiwa hamjawahi kufika.