Mtoto wa jicho si ugonjwa wa wazee peke yao
Wengi huamini kwamba mtoto wa jicho huwapata wazee tu. Kwa mwenye kisukari si hivyo: lenzi yake inaweza kuingia ukungu miaka mingi mapema.

Sukari ikizidi kwenye damu, huzidi pia ndani ya lenzi ya jicho. Humo sehemu yake hugeuzwa kuwa sobitoli, ambayo haitoki kwa urahisi na huvuta maji. Lenzi huvimba, protini zake huharibika na kushikamana, na taratibu mwanga hushindwa kupenya. Uvimbe huohuo ndio hufanya uone vizuri leo, kesho ukungu. Tafadhali usikimbilie miwani sukari ikiwa bado inapanda na kushuka. Ikishatulia kwa wiki kadhaa, huenda miwani hiyo isikufae tena.

Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Kinachotutia hofu zaidi ni retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwani mishipa yake midogo ya damu huweza kuvuja bila maumivu wala dalili. Mwenye kisukari aina ya 2 apimwe macho mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka, kwa matone ya kupanua mboni. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Matone hayo huleta ukungu kwa saa kadhaa, hivyo usiendeshe gari.