Vitabu vipi vibaki, vipi viondoke katika maktaba ya shule

Mgeni akiingia katika maktaba ya shule na kukuta rafu zimejaa hadi dari, kwa kawaida husifu. Mimi huanza kuingiwa na wasiwasi. Maktaba nyingi ninazozihudumia hapa Mwanza, kuanzia Nyamagana na Ilemela hadi Ukerewe, zina vitabu vya kutosha kwa idadi. Tatizo ni kwamba vichache vinavyomfaa mwanafunzi vimefunikwa na vingi visivyomfaa. Mtoto wa kidato cha kwanza anayetafuta maelezo ya usanisinuru, akilazimika kupekua vitabu vya kemia ya chuo kikuu na vingine vilivyoliwa na mchwa kabla ya kukifikia anachokihitaji, kesho hatarudi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuchagua vitabu na kuviondosha ni uamuzi uleule unaofanywa mara mbili, kwanza kitabu kikiwa mlangoni, kisha kikiwa kimekwisha kukaa rafuni kwa miaka kadhaa.

Uchaguzi huanza na muhtasari wa somo na mazungumzo na walimu, lakini usiishie hapo, kwa kuwa mwalimu ataomba vitabu vya kiada ilhali kazi kubwa ya maktaba ni vile vya ziada. Vitabu vya kiada nahakikisha vina ithibati. Vya ziada navitazama kwa macho ya msomaji wangu, ambaye mara nyingi ametoka kusoma karibu kila somo kwa Kiswahili katika shule ya msingi na sasa anafundishwa kwa Kiingereza. Msomaji huyo anahitaji hadithi fupi za Kiingereza chepesi na kamusi za lugha mbili zilizo nyingi, kuliko seti moja ya ensaiklopidia ya bei kubwa inayofungiwa kabatini. Namkumbuka pia mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye uoni wake hafifu humfanya ashindwe kusoma herufi ndogo hata akiketi mbele kabisa. Kila orodha ya manunuzi ninayoiandaa huwa na vitabu vya maandishi makubwa. Mwisho naukagua mshono. Kitabu kilichobandikwa kwa gundi peke yake huanza kuachia kurasa mapema kikishikwa na mikono mingi, kwa hiyo kilichoshonwa kwa uzi, hata kikizidi bei, ndicho kinachogharimu kidogo mwishowe.

Misaada ndiyo sehemu inayohitaji ujasiri zaidi. Tunashukuru kwa kila anayetukumbuka, lakini shehena ya vitabu inayokuja bila orodha huleta vitu ambavyo shule haikuviomba: miongozo ya programu za kompyuta zisizotumika tena, historia za majimbo ya Marekani, vitabu vya mazoezi vilivyokwisha kujazwa majibu. Shule iwe na sera ya maandishi ya ukurasa mmoja, yenye saini ya mkuu wa shule, inayosema kwamba msaada hupitiwa kwa vigezo vilevile vya kitabu kinachonunuliwa na kwamba kisichofaa hakitawekwa rafuni. Sera hiyo humlinda mkutubi, maana kumkatalia mfadhili ana kwa ana ni jambo gumu katika desturi zetu, ilhali kumwonyesha utaratibu uliopo hakumvunjii mtu heshima.

Kuhusu kuondosha, utaratibu unaotajwa sana katika taaluma yetu ulitungwa Texas, Marekani, mwaka 1976. Unapima umri wa kitabu, muda kiliokaa bila kuazimwa, na kasoro sita: kinapotosha, kimechakaa, kimepitwa na toleo bora, hakina thamani, hakihusiani na wasomaji wa mahali hapo, au kinapatikana kwa urahisi kwingine. Vigezo hivyo ni vizuri, ila viwili sivitumii kama vilivyo. Kigezo cha kupatikana kwingine kiliwafaa watu waliozungukwa na maktaba zinazoazimana vitabu. Mwanafunzi wa kisiwa cha Ukara hana hiyo kwingine ya kwenda. Kigezo cha kuazimwa nacho hudanganya katika shule zetu, ambako vitabu vingi husomwa palepale mezani na kadi ya kuazimia hubaki tupu. Mimi huwaomba wanafunzi wasirudishe vitabu rafuni bali waviache mezani, kisha jioni, kabla ya kuvipanga, natia alama ya penseli nyuma ya jalada la kila kimoja. Muhula ukiisha, alama hizo hunieleza habari tofauti kabisa na kadi.

Kasoro ninayoitanguliza ni ya kupotosha, hasa katika rafu ya sayansi na afya. Kitabu kinachomwambia kijana kwamba mwenye virusi vya UKIMWI husubiri mpaka hesabu ya CD4, yaani seli za kinga za mwili, ishuke ndipo aanze dawa kimepitwa tangu mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani liliposhauri kila aliyeambukizwa aanzishiwe matibabu bila kusubiri. Kitabu cha namna hiyo sikiachi hata siku moja, hata kikiwa kipya kwa sura na kimeletwa na mtu ninayemheshimu. Ramani huniachia nafasi zaidi ya kutafakari. Atlasi inayoonyesha Sudan ikiwa nchi moja imepitwa tangu Julai 2011, na inayoiweka Geita ndani ya Mkoa wa Mwanza imepitwa tangu 2012. Lakini ramani zake za mvua na za milima bado ni sahihi. Maktaba ikiwa nayo hiyo moja tu, nabandika karatasi ya masahihisho kwenye ukurasa husika na kuibakiza hadi tupate mpya. Hivyo hivyo kwa vitabu vinavyoeleza safari ya kuvuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi: daraja lilifunguliwa Juni 2025, na mistari miwili iliyobandikwa inatosha kumjulisha msomaji.

Umri pekee haujawahi kunitosha kuwa sababu. Aljebra ya miaka 40 iliyopita ni aljebra ileile, na vitabu vya zamani vya hisabati mara nyingi vina mazoezi mengi kuliko vya leo. Fasihi nayo hupimwa kivyake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Nakala yake, hata jalada likiwa limeng'oka, katika shule za kando ya ziwa hili hushonwa upya na kurudishwa rafuni. Na kwa kuwa mitaala iliyoboreshwa ilianza kutekelezwa kwa awamu kuanzia Januari 2024, vitabu vya muhtasari wa zamani visiguswe mpaka kundi la mwisho linalousoma limalize mtihani wake.

Kila kitabu nakifungua kwa mkono. Nakinusa kwanza, kwa sababu ukungu hutambulika kwa harufu kabla haujaonekana, na kilicho na ukungu hutengwa mara moja ili kisiwaambukize jirani zake. Kisha napitisha kidole kwenye mshono wa katikati kutafuta kurasa zilizokatwa. Vitabu vya baiolojia hukatwa mahali palepale, kwenye mchoro wa moyo au wa figo. Naandika mahali hapo penye pengo, kwani panaonyesha wanafunzi wanahitaji nini kiasi cha kukiiba, na dawa yake ni kuchapisha michoro hiyo kwa wingi na kuibandika ukutani.

Vilivyoamuliwa kuondoka havitupwi. Katika shule ya serikali kitabu ni mali ya umma, kwa hiyo mkutubi huandaa orodha yenye namba ya usajili, jina na sababu, walimu wa masomo huipitia, na mkuu wa shule huipeleka ngazi ya halmashauri kuombewa kibali. Katika daftari la usajili mstari haufutwi. Hukatwa kwa wino mwekundu na kuandikwa tarehe. Kitabu hugongwa mhuri wa kuondoshwa juu ya mhuri wa shule, maana karatasi zenye mhuri halali zikionekana sokoni zimefungia karanga, wazazi wana haki ya kuuliza. Kilicho kizima ila hakihitajiki, hupewa shule nyingine inayokihitaji. Kinachopotosha hakipewi mtu, kwa sababu kitampotosha mtoto wa Sengerema kama kilivyokuwa kikimpotosha wa Ilemela.

Kazi hii naifanya wakati wa likizo ya Juni, pamoja na ukaguzi wa mali, rafu moja baada ya nyingine, wala sijaribu kumaliza maktaba nzima kwa mkupuo. Nikimaliza rafu, naandika mapengo yaliyojitokeza, somo kwa somo, na karatasi hiyo hiyo ndiyo ninayoingia nayo katika kikao cha bajeti kuombea manunuzi ya mwaka unaofuata.